Mlimani: Kulala Chumba Kimoja na Usiyemjua

Ndugu msomaji, kila mwaka mvua za vuli zinapokaribia, nyumba nyingi za wafanyakazi huingiwa na shughuli ya namna yake. Sanduku hununuliwa, godoro jembamba hukunjwa na kufungwa kamba, shuka mbili hupigwa pasi, na ndani ya ndoo mpya hutiwa sabuni, sukari na karanga za kukaanga. Mtoto amechaguliwa kuingia chuo kikuu. Baba huuliza kama vyeti vyote vipo; mama huuliza kama nauli imetosha; wadogo zake huuliza atarudi lini. Liko swali moja ambalo aghalabu halimjii mtu yeyote mpaka basi limekwisha ondoka: je, huyu mtoto atalala chumba kimoja na nani, nao wataishije?

Swali hilo si la kitoto. Mhadhiri humwona mwanafunzi kwa saa chache kwa juma, tena akiwa miongoni mwa mamia. Mwenzi wake wa chumba humwona akiamka na akilala, akiwa na fedha na akiwa hana, akiwa mzima na akiwa mgonjwa. Wako vijana waliofika chuoni na alama nzuri, masomo yao yakaharibika kwa sababu ya magomvi ya chumbani tu. Na wako waliofika na hofu kubwa, wakashikwa mkono na mtu waliyemkuta kitanda cha pili. Kwa hiyo leo nakuomba tufuatane hadi Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tukapatazame mahali ambapo kwa zaidi ya miaka sitini vijana wasiojuana wamekuwa wakikabidhiwa mlango mmoja.

Kutoka Lumumba hadi kilimani

Safari yetu na ianzie Mnazi Mmoja, katika mtaa wa Lumumba, kwa maana chuo hiki hakikuzaliwa kilimani. Kilianza hapa mjini tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, katika jengo la chama cha TANU, kikiwa na fani moja tu ya sheria na wanafunzi wasiozidi 15. Basi dogo moja lingetosha kuwachukua wote. Mwaka 1964 chuo kikahamia juu ya kilima, yapata kilomita 13 kutoka katikati ya jiji, na tangu hapo watu wakapaita Mlimani. Kati ya mwaka 1963 na 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Na tarehe 1 Julai 1970 kikasimama peke yake kwa jina la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Tukipanda basi la mwendo wa haraka tutaifuata barabara ya Morogoro, tulivuke bonde la Jangwani, tupite Magomeni na Manzese, hadi Ubungo. Hapo utaona barabara zinapishana moja juu ya nyingine kwenye daraja la Kijazi, lililofunguliwa mwezi Februari 2021. Kwa miaka mingi, mpaka mwaka huo huo, mabasi ya mikoani yalikuwa yakikomea hapa Ubungo. Mtu aliyesimama kituoni siku za kufungua chuo aliweza kuwatambua wanafunzi wapya bila kuuliza. Walikuwa wale walioshuka polepole, mkono mmoja umeshika bahasha ya vyeti na mwingine umeshika kamba ya godoro, wakitazama huku na huku kama watu waliopewa ahadi ya kupokewa. Siku hizi mabasi hayo hukomea Mbezi, lakini bahasha ni ile ile na mtazamo ni ule ule.

Kutoka Ubungo, daladala huacha kelele za barabara kuu na kupanda taratibu chini ya miti. Hewa hubadilika. Utaona majengo ya mihadhara yaliyotawanyika kwenye mteremko, na Ukumbi wa Nkrumah, ambao Watanzania wengi waliubeba mifukoni bila kuutambua, kwa kuwa picha yake ilikuwa nyuma ya noti ya shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2010. Utaona pia tumbili, ambao ni wakazi wa siku nyingi wa kilima hiki. Mwanafunzi mgeni akiacha dirisha wazi na mkate mezani, atarudi akute mkate umeliwa na daftari zimetupwa sakafuni. Basi hata kabla ya mhadhara wa kwanza atakuwa amekwisha kujua kwamba hapa hakuna mtu mwenye chumba peke yake.

Mabweni ya namba

Mabweni ya zamani hayakupewa majina ya wakubwa. Huitwa kwa namba tu, la kwanza, la pili, la tatu na kuendelea. Yalianza kujengwa zama ambazo wanafunzi walihesabiwa kwa mamia. Leo ni makumi ya maelfu. Kwa hiyo vitanda vya ghorofa vikaingizwa, meza moja ikawa ya watu wawili au zaidi, kabati likagawanywa, na kila inchi ya ukutani ikapata msumari wa kutundikia kitu.

Katika vyumba hivyo wamelala watu wa kila namna. Zama za Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, vijana kutoka Kenya na Uganda walikuja hapa kusoma sheria, nao wakawekwa bega kwa bega na wenzao wa Tanzania. Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda, alisoma Mlimani tangu mwaka 1967 hadi 1970. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alihitimu sheria hapa hapa. Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililoagiza kwamba kijana amalizaye kidato cha sita afanye kazi kwanza ndipo aje chuoni. Hapo mabweni yakaanza kupokea watu wazima waliokwisha kuwa walimu na makarani, wengine wenye wake, waume na watoto, ambao jioni walisoma kwa taa moja na vijana waliowaita kaka na dada.

Jambo hilo halikuwa la bahati nasibu. Baada ya Uhuru wanafunzi wengi wa sekondari walipelekwa kusoma mikoa ya mbali na kwao. Tangu miaka ya 1960 wahitimu walipitia Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima, utaratibu uliositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Kijana wa Tanga alipangwa kitanda kimoja na kijana wa Kigoma, na mtoto wa Mpwani alikula sufuria moja na mtoto wa Mlimani Kilimanjaro. Wengi wamepata humo marafiki, wake na waume, na hata washirika wa kazi kwa maisha yao yote.

Lakini tusidanganyane, ndugu msomaji. Kuwekwa pamoja si kupatana. Watu wawili waweza kulala chumba kimoja miaka mitatu na kuachana kama walivyokutana, au vibaya kuliko walivyokutana. Tena si lazima wawe wabaya. Aghalabu wote wawili ni watoto wema waliolelewa vema, ila kila mmoja amelelewa kivyake. Huyu kwao taa huzimwa saa tatu. Yule kwao redio hulia mpaka usiku wa manane. Huyu kwao mgeni hulala bila kuuliza. Yule kwao hata shangazi hutoa taarifa. Kila mmoja hudhani desturi ya kwao ndiyo adabu, na kwamba mwenzake hana adabu.

Kitanda kimoja, watu wawili

Tukiendelea na matembezi yetu tutayaona mabweni mapya yaliyofunguliwa mwezi Aprili 2017 na kuitwa kwa jina la Rais John Magufuli. Ni majengo 20, yaliyokusudiwa wanafunzi 3,840. Kilomita chache kutoka kilimani, kule Mabibo, iko hosteli nyingine kubwa ambayo wanafunzi wake huamka mapema kuwahi mihadhara ya asubuhi. Hata hivyo vitanda bado havitoshi, na mwanafunzi aliyekosa nafasi hulazimika kutafuta pa kujihifadhi.

Hapo ndipo lilipozaliwa jambo ambalo wanafunzi huliita kubebana. Mwenye kitanda humchukua rafiki yake aliyekosa, wakalala wawili kwenye kitanda chembamba cha mmoja, mara nyingi mzungu wa nne, yaani kichwa cha huyu kikiwa upande wa miguu ya yule. Taratibu za mabweni haziliruhusu jambo hilo. Lakini usiharakishe kulaani. Aliyebebwa pengine ni mtoto wa mkulima ambaye mkopo wake umechelewa, na pasipo kitanda hicho angepanda basi kurudi kijijini. Huruma ya mwenzake ndiyo iliyomwokoa.

Basi tatizo li wapi? Li kwa wale wengine waliomo chumbani. Chukua mfano wa chumba cha wanne. Mmoja akimleta mgeni wake kimya kimya, hewa hupungua, ndoo ya maji huisha mapema, na vitu huanza kuhamahama. Mwingine naye huona, "Kama yeye kaleta, mimi kwa nini nisilete?" Mara wamekuwa wanane, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Chuki inayofuata haitokani na ule ufinyu peke yake, maana watu wetu wamezoea ufinyu. Hutokana na kudharauliwa. Lakini kama mwenye huruma angeanza kwa kusema, "Ndugu zangu, ninaye mwenzangu amekwama, naomba tumsitiri mpaka mwisho wa mwezi, maji yake nitachota mimi," ni wachache mno ambao wangemkatalia. Huo huo msaada, ukitangulizwa na neno, huwa wema wa chumba kizima. Ukikosa neno, huwa uonevu wa mtu mmoja juu ya wenzake.

Kumtafuta mwenzi chini ya kilima

Tushuke sasa hadi Changanyikeni, Msewe, Makongo na Sinza, mitaa inayokizunguka chuo, ambako wanafunzi wengi hupanga. Huku hakuna mtu anayekupangia mwenzi. Wamtafuta mwenyewe, kwa sababu kodi ni nzito kwa mmoja. Mwenye nyumba aghalabu hudai malipo ya miezi sita kwa pamoja, au hata ya mwaka mzima. Dalali naye hudai kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake, na wengine hutaka pia fedha ya kukuonyesha tu. Hesabu hizo ndizo zinazowasukuma vijana kukubaliana upesi upesi na mtu yeyote mwenye nusu ya fedha.

Wengi huanza kwa mtu wa kwao au rafiki wa sekondari, kwa kudhani kwamba anayejulikana ndiye salama. Yafaa kijana aambiwe wazi kwamba urafiki ni jambo moja na ukaaji wa pamoja ni jambo jingine. Rafiki mnakutana mkiwa mmekwisha oga na kuvaa. Mwenzi wa chumba wamwona kabla hajaosha vyombo. Wako marafiki wa chanda na pete waliogombana kwa sababu ya sufuria, wakapoteza chumba na urafiki vyote viwili. Na wako wasiojuana kabisa, mmoja wa Mtwara na mmoja wa Mara, waliokaa kwa amani kwa kuwa tangu mwanzo hawakuchukulia kwamba wanajuana.

Kwa hiyo amtafutaye mwenzi asiishie kuuliza, "Wewe kabila gani?" au "Wasali wapi?" Majibu ya maswali hayo hayamwambii lolote kuhusu usiku wa Jumanne. Na aulize: wasoma saa ngapi na walala saa ngapi? Wapika au wanunua chakula? Wageni wako ni wa namna gani, nao hulala? Fedha yako ya kodi hutoka wapi, na ikichelewa tutafanyaje? Anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kujibu.

Na kabla ya kulipa, wote wawili wasimame mbele ya mwenye nyumba, majina yao yote mawili yaandikwe katika mkataba, na kila mmoja achukue stakabadhi ya alicholipa. Wakaulize habari za umeme wa luku: je, chumba kina mita yake, au wapangaji wote huchangia mita moja? Maji je, hutoka bombani au hununuliwa kwa ndoo? Mali bila daftari hupotea bila habari, walinena wahenga, na hapana mali inayopotea upesi kama kodi ya nyumba iliyolipwa kwa jina la mtu mwingine.

Mazungumzo ya juma la kwanza

Awe amepangiwa mwenzi au amemtafuta, kijana hana budi kufanya jambo moja katika juma la kwanza, nalo ni kukaa kitako na mwenzake wakazungumza mambo madogo. Vijana wengi huona haya. Hudhani kuzungumzia sabuni na taa ni uchoyo, na kwamba watu waungwana huelewana bila kusema. La hasha. Watu wazima walioishi pamoja miaka thelathini bado husemezana. Sembuse waliokutana juzi?

Jambo la kwanza ni taa na usingizi. Yuko asomaye usiku na yuko asomaye alfajiri, wala hakuna aliye mvivu kati yao. Mlimani hapakosekani pa kusomea. Kumbi za mihadhara kama zile za Yombo hujaa wanafunzi usiku, na maktaba mpya, iliyofunguliwa mwezi Novemba 2018 kwa msaada wa China, ilijengwa iweze kuchukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Basi ikifika saa waliyokubaliana, atakaye kuendelea na atoke na daftari lake, na atakayerudi usiku afungue mlango kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa.

Jambo la pili ni vitu. Waseme mapema ni vipi vya wote na ni vipi vya mtu mwenyewe. Ufagio, ndoo na pasi huweza kuwa vya wote. Taulo, ndala, chaja na sabuni ya kuogea ni heri kila mtu awe na chake. Anayechukua kwa kusema "nimeazima tu" wakati mwenye kitu hayupo hajaazima.

Jambo la tatu ni ibada. Chumba kimoja chaweza kuwa na mtu aamkaye kwa sala ya alfajiri na mtu afanyaye mazoezi ya kwaya jioni. Watanzania wengi wameishi hivyo majumbani mwao bila ugomvi, na chuoni pia inawezekana. Simu ya kuamshia iwekwe karibu na sikio la mwenyewe, pawepo mahali pasafi pa kuswalia, na mfungo wa Ramadhani au wa Kwaresima uheshimiwe na asiyefunga kwa kutopikia puani mwa mwenzake. Hayo hayahitaji mhubiri, yahitaji kuulizana.

Jambo la nne, nalo ndilo linalovunja vyumba vingi, ni fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi, iliyoanza kazi mwaka 2005, hutoa fedha ya kujikimu ambayo wanafunzi wameipa jina la bumu. Bumu likitoka, chuo chote hunukia kuku na chipsi. Likikaribia kwisha, hunukia maharage. Si wote wapatao, wala wapatao hawapati sawa. Wapikao pamoja na wawe na daftari dogo la zamu na la michango, na wakopeshanao waandike kiasi na siku ya kulipa, hata kama ni shilingi elfu mbili. Asiye na mkopo asionewe huruma ya kumdhalilisha. Apewe nafasi ya kuchangia kwa kazi, kama kwenda sokoni au kuosha vyombo. Mtu aweza kustahimili njaa kuliko kustahimili kuhesabiwa matonge.

La tano ni wageni na faragha. Ndugu kutoka kijijini huja na kuku, na huwezi kumfukuza. Lakini mwenzako apewe taarifa na ajulishwe siku za kuondoka. Mchumba naye ana heshima yake, ila chumba cha wawili hakiwezi kugeuzwa nyumba ya mmoja huku mwenzake akizungushwa nje na vitabu mkononi. Na yale usikiayo mwenzako akizungumza kwa simu na mama yake usiku, yaishie humo humo chumbani.

Hata baada ya makubaliano yote hayo, vyombo vya kabati moja havikosi kugongana. Vikigongana, mwenye kinyongo aanze na mwenzake mwenyewe, mchana, kwa sauti ya kawaida, si kwa jirani wa chumba cha tatu wala kwa maneno ya mafumbo katika simu. Na aseme tendo, asiseme tabia. "Jana taa iliwaka mpaka saa nane, nami nilikuwa na mtihani" ni neno linalojibika. "Wewe hujali watu" ni vita. Ikishindikana, yuko mshauri wa wanafunzi, na kuhama chumba si aibu. Aibu ni kukaa mwaka mzima mmenuniana, kila mmoja akimharibia mwenzake alichofuata. Na pale penye wizi, kipigo, ulevi wa hatari au kusumbuliwa kimwili, pasiwepo maneno ya kuvumiliana. Hapo kijana na aondoke na kutoa taarifa siku hiyo hiyo.

Wa kwanza kujua

Nimeyaeleza mambo madogo kwa urefu, ndugu msomaji, kwa sababu ndiyo yanayotayarisha lile lililo kubwa. Mtoto wako akishikwa na homa kali usiku wa manane, wewe uko Mwanza au Mbeya, na hata ukiwa Temeke hutafika kabla ya kucha. Aliye karibu ni yule wa kitanda cha pili. Ndiye atakayemshika kwapa hadi kituo cha afya, ndiye atakayemletea uji, na ndiye atakayepokea simu yako.

Tena yako magonjwa yasiyo na joto la mwili. Kijana aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao hufika Mlimani akakuta kila mtu alikuwa wa kwanza kwao. Hufeli jaribio la kwanza, kisha la pili. Huanza kuogopa kudisko, neno la wanafunzi la kuondolewa chuoni kwa kushindwa masomo. Huacha kwenda kwenye mihadhara, huacha kula, hulala mchana kutwa amegeukia ukuta, na nyumbani huendelea kusema katika simu, "Sijambo mama, masomo yanaendelea." Mama hawezi kuona. Mhadhiri hatambui kwamba mmoja kati ya mia tatu hayupo. Mwenzi wa chumba huona siku ya tatu.

Lakini je, ataweza kusema? Kama wawili hao hawajapata kuzungumza hata habari ya sabuni, atapata wapi mdomo wa kumwambia, "Ndugu yangu, naona hali yako si nzuri, twende kwa mshauri, nitakusindikiza"? Mlango wa maneno makubwa hufunguliwa na maneno madogo yaliyotangulia. Hiyo ndiyo sababu mazungumzo ya juma la kwanza si uchoyo wala urasimu. Yale ya taa na ndoo ndiyo yanayowazoeza kusemezana, ili siku ya shida pasiwe na ugeni.

Elimu iliyomo nyumbani kwako

Pengine utasema: mimi sikufika chuo kikuu, nitamfundisha nini mwanangu? Utamfundisha mengi. Wafanyakazi wa miji yetu wamekulia au wamepanga katika nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, ua mmoja, bomba moja na choo kimoja. Humo Mmakonde ameishi na Mhaya, mwenye watoto sita ameishi na kapera, na fundi wa zamu ya usiku amelala mchana huku wenziwe wakitwanga uani. Ni nani aliyewapatanisha? Ni zamu ya kufagia iliyotajwa kwa majina, mchango wa umeme uliokusanywa tarehe inayojulikana, na salamu ya asubuhi iliyopita katika kila mlango, hata ule wa aliyekasirika jana.

Mweleze mwanao hayo. Mweleze jinsi ulivyoishi na jirani aliyekuudhi, ni neno gani ulimwambia, na jinsi huyo huyo alivyobeba maji siku ya msiba wako. Mwambie: "Mwanangu, huyo utakayemkuta naye ametoka kwa mama yake. Msalimu kwanza, muulize jina lake na la kwao, kisha mpatane juu ya taa." Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, nasi twajua kwamba jirani wa karibu kuliko wote ni yule mnayesikilizana pumzi usiku.